Anayekujua hakutafuti Google

Mama mdogo wangu anauza asali Tabora mjini, kibanda kimoja si mbali na Soko Kuu. Mwaka juzi alifuatwa na kijana mwenye begi la kompyuta mgongoni, akamwambia kwa laki tatu na nusu atamtengenezea tovuti na kuipandisha mpaka iwe ya kwanza Google. Mama mdogo akatoa hela. Wiki tatu baadaye kijana akarudi, akampa simu: "Mama, andika jina la duka lako hapo uone mwenyewe." Akaandika, duka likatokea juu kabisa. Kijana aliondoka na chupa ya asali ya bure.

Ulipita karibu mwaka ndipo nikasimuliwa, nami nikauliza kitu kimoja tu: kuna duka jingine lenye jina hilo? Hakuna. Jina kalitunga mwenyewe kwa kuunganisha majina ya wajukuu wake wawili. Neno ambalo dunia nzima linatumiwa na mtu mmoja, ukilitafuta utampata huyo mmoja, awe amelipa au hajalipa. Na mtu anayelijua jina lile mpaka akaliandika, huyo alishakuwa mteja zamani.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu ubishi kuhusu SEO, yaani kazi ya kuipanga tovuti ili Google iielewe na kuiweka juu, umeshika kasi miongoni mwa wafanyabiashara wadogo hapa mjini. Wapo wanaosema ni utapeli mtupu, status ya WhatsApp inatosha. Wapo wanaosema asiyeonekana Google ni sawa na asiyekuwepo. Nikiwasikiliza naona wote wanamzungumzia mteja, ila kila upande una mteja wake kichwani.

Kambi ya WhatsApp ndiyo yenye watu wengi, na kwa biashara nyingi za Tabora iko sahihi. Fundi cherehani wa Ng'ambo anapata kazi kwa sababu shemeji yake mtu alivaa gauni likampendeza harusini. Muuza mkaa wa Isevya anajulikana na mtaa mzima. Kuwatengenezea hawa tovuti ni kumnunulia samaki mwavuli. Wanachohitaji ni simu yenye chaji, picha zilizopigwa kwenye mwanga, na kujibu ujumbe siku hiyohiyo. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, inawapa mahali pa kupanga bidhaa na bei bila kulipia kitu zaidi ya bando.

Lakini iangalie WhatsApp inavyofanya kazi. Status yako anaiona mtu mliyehifadhiana namba, na saa 24 zikiisha imefutika. Ukituma ujumbe mmoja kwa orodha ya watu, unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Ni chombo cha kumtunza mteja uliyenaye, na kwa kazi hiyo sijaona kinachokishinda. Kumleta mtu asiyekujua hakiwezi, labda aliyekujua amwambie mwenzake.

Google iko kinyume chake. Haina habari na jirani yako, maana jirani hakutafuti huko. Inamhudumia mgeni: dereva wa lori aliyeharibikiwa barabara ya Nzega na hajui fundi yuko wapi, afisa aliyeteremka kwenye treni saa nane usiku anatafuta gesti ya karibu na stesheni, mzazi aliyemleta mtoto shule na anataka kujua pa kupata sare. Kwa hiyo kabla mtu hajauliza SEO inalipa au hailipi, ajiulize katika wateja wake kumi ni wangapi walikuja wakiwa wageni kabisa. Akikuta hata mmoja hayupo, laki tatu na nusu abaki nayo.

Wenye wageni, kitu cha kwanza wala si tovuti. Ni kujiandikisha kwenye ramani ya Google, jambo la bure kabisa, na hapo ndipo huwa nashangaa watu wanalipia tovuti ilhali ramani inawaonyesha katikati ya shamba la mtu. Google yenyewe imeeleza kwamba matokeo ya ramani yanategemea mambo matatu: biashara inalingana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuununua. Kujulikana kunatokana na maoni ya wateja, nyota na kutajwa kwingine, na maoni ya kununua yamekatazwa, yakigundulika yanafutwa. Kinachobaki mikononi mwako ni kujaza vizuri: namba ya simu inayopatikana, saa za kufungua za kweli, picha ya mlango ili mtu akifika aujue.

Kuna kikwazo kimoja ambacho washauri wa Dar es Salaam hawakigusi. Siku hizi Google mara nyingi inamtaka mwenye biashara ajirekodi video inayoonyesha mtaa, kibao cha duka na kwamba kweli yeye ndiye mwenye funguo. Nusu ya vibanda vya mjini kwetu havina kibao. Mtu anaelekezwa "mkabala na mwembe, ukiona duka la bluu umepita." Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 imetuachia majina ya mitaa na namba milangoni, na hilo limesaidia. Ila kabla ya kuhangaika na mtandao, bati lililoandikwa jina kwa rangi ya mafuta ni uwekezaji wa SEO pia, hata kama fundi wa bati hajui hivyo.

Sasa nirudi kwenye asali, maana hapo hoja za pande zote mbili zina uzito.

Asali ni bidhaa ambayo mnunuzi wake mkubwa yuko mbali na hamjui muuzaji. Yuko Dar, Dodoma, Iringa. Na ana hofu moja: kuuziwa sukari iliyochemshwa. Hofu hiyo ndiyo anayoiandika Google. Haandiki jina la duka la mama mdogo wangu, anaandika "nitajuaje asali halisi" au "asali ikiganda ni feki". Anachokutana nacho kwa Kiswahili mara nyingi ni yaleyale yaliyonakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa: choma kwa kiberiti, dondosha kwenye maji, angalia kama ni nzito, ikiganda ujue ina sukari.

Mama mdogo amepoteza wateja kwa ushauri huo. Mwezi Juni alituma dumu la lita tano Iringa. Baridi ya kule ikaigandisha, mteja akapiga simu kwa hasira kwamba ameuziwa sukari. Ukweli ni kwamba asali halisi huganda. Ina sukari ya glukosi nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kuiyeyusha, na baridi ya nyuzijoto 14 hivi ndiyo inayoigandisha upesi zaidi. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, itarudi. Tena ile ya nyuki wadogo, ambayo bei yake ni kubwa, kwa kawaida ina maji mengi kuliko ya nyuki wakubwa. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20, ya nyuki wadogo huvuka hapo bila mtu kuichakachua. Ni nyepesi na ina uchachu. Kwa kipimo cha "asali halisi ni nzito", asali adimu kuliko zote inaonekana ndiyo feki.

Kwa swali kama hilo, kila anayepiga simu, mama mdogo humtumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Nimeusikiliza. Anaeleza mzinga, msimu, kwa nini inaganda, jinsi ya kuiyeyusha bila kuiunguza. Ujumbe ule ukiandikwa kwa Kiswahili chake hivyohivyo, ukawekwa picha ya chupa iliyoganda na iliyoyeyushwa, ni ukurasa bora kuliko kurasa nyingi zilizopo. Hapa ndipo ninapokubaliana na kambi ya Google kwa moyo wote: kwa Kiingereza ungekuwa unashindana na kurasa zisizo na idadi kuhusu asali. Kwa Kiswahili uwanja bado uko wazi, na anayejua kazi yake anaweza kusimama mbele bila kumlipa mtu wa kumpandisha. Google haipokei hela kupanga matokeo ya kawaida, kinacholipiwa ni matangazo yanayowekewa alama. Imeandika pia kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza. Anayekuhakikishia, mshukuru, mpe chai, aende.

Ila upande wa pili nao una hoja, na yenye nguvu kuliko wao wenyewe wanavyojua.

Neno jingine linalotafutwa ni "asali ya Tabora". Jina hilo halikutengenezwa na mtandao. Limetengenezwa na warina asali wa Sikonge, Uyui, Kaliua na Urambo, na misitu ya miombo, na abiria wa treni wanaobeba chupa kwenda nazo makwao. Lakini mtandaoni jina ni la atakayeliandika vizuri zaidi. Mfanyabiashara wa Dar anayenunua madumu, anayefungasha kwenye chupa za kioo zenye lebo, ana hela ya mpiga picha, ya mwandishi, ya matangazo. Atatokea juu ya mrina asali aliyeitoa kwenye mzinga wa gome. Sisemi ni dhambi, huyo naye anafanya kazi, na bila yeye asali nyingine ingebaki kwenye ndoo. Ninachosema ni kwamba ile kauli ya "intaneti inamwondoa dalali" siioni kwenye asali. Kwa kiasi kikubwa inambadilisha dalali mwenye mizani kuwa dalali mwenye tovuti. Mrina asali mmoja mmoja hashindi mbio hizo. Ushirika wenye ghala moja, nembo ya TBS na tovuti moja unaweza kufurukuta.

Hoja yao ya pili ni kwamba unajenga kwenye kiwanja cha mtu. Mwaka 2011 Google ilibadilisha upangaji wake ikaziangusha kurasa za kunakili, 2012 ikawaangusha waliokuwa wakinunua linki, yaani kulipa tovuti nyingine ziwataje ili waonekane maarufu. Hayo yalikuwa ya haki. Lakini kulikuwa na tovuti ndogo za bure ambazo Google iliwapa wafanyabiashara waliojiandikisha kwenye ramani, na Machi 2024 ikazifunga zote. Mwaka huohuo ikaanza kuweka jibu la akili mnemba juu ya matokeo, kwa hiyo mtu anaweza kusoma kwamba asali halisi huganda, akatosheka, asifungue ukurasa wa aliyeeleza. Wenye kuitegemea WhatsApp nao wasicheke. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilizimika kwa takriban saa sita pamoja na Facebook na Instagram, na nani aliuza kwa status siku ile?

Hesabu yangu mimi, baada ya kuzunguka kote huko, inaegemea upande wa kujaribu, lakini kwa gharama ya muda, si ya laki. Mwenye gesti, gereji au duka la dawa ajiandikishe kwenye ramani wiki hii, aishie hapo. Mwenye wateja wa mtaani abaki na WhatsApp yake kwa amani. Mwenye bidhaa inayoulizwa maswali na watu wa mbali, kama asali, aandike jibu la swali moja, vizuri, kwa Kiswahili, na chini yake aweke namba ya simu, ili atakayefungua ageuke mtu wa WhatsApp. Matangazo ya kulipia nayaacha. Kwa biashara ya madumu kumi kwa mwezi sijaona hesabu inayokaa sawa.

Mama mdogo nilimwambia yote haya. Ramani alikubali, tukarekodi video siku hiyohiyo, yeye mbele na funguo, kibao kimeegemezwa ukutani maana misumari ilikuwa haijanunuliwa. Tovuti alikataa kuisikia. Ile ya kwanza haipo tena: domaini, yaani anwani ya tovuti, ilikuwa imeandikishwa kwa jina la kijana, muda ulipoisha hakuilipia, na namba yake haipatikani. Jina la wajukuu, ukiliandika sasa, halileti kitu.

"Hiyo nyingine itakuwa ya nani?" aliniuliza.

Nikamwambia itaandikishwa kwa jina lake, namba yake na barua pepe yake, nywila ataiandika kwenye daftari la madeni. Akaniangalia kwa muda, akaenda kulileta daftari.