Bhangi: tunabishania mmea, tunamsahau mgonjwa

Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, mgombea urais George Wajackoyah aliwaahidi wananchi kwamba bangi ingelipa deni la taifa. Hakufikisha hata asilimia moja ya kura, lakini hoja yenyewe haikuzikwa na matokeo. Kaa kijiweni Mombasa au Dar es Salaam utaisikia: Wazungu wenyewe wameshakubali kuwa ni dawa, sisi tunangoja nini? Na jibu la wanaopinga liko tayari siku zote: nenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, ukaone vijana waliovurugikiwa akili.

Tuanze na hiyo dawa. Mmea huu una kemikali nyingi, ila mbili ndizo zinazobeba mjadala. THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964, ndiyo inayolewesha. CBD hailewishi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD iliyosafishwa, kwa wagonjwa wenye aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni na kisichosikia dawa za kawaida. Degedege zilipungua kwa watoto wengi, ingawa walioacha kabisa kuanguka ni wachache. Dawa zenye THC nazo zina kazi yake, kwa mfano kutuliza kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani wanapokuwa kwenye matibabu ya kemikali. Kwa hiyo anayesema bhangi haina faida yoyote ya kitabibu anakosea.

Lakini tazama Epidiolex inavyotolewa. Mtoto wa kilo 20 huanzishiwa miligramu 100 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, kisha hupandishwa hadi 200, na ikilazimu 400. Hupimwa ini kabla ya kuanza na huendelea kupimwa, hasa kama anatumia pia valproate, dawa ya kifafa ya siku nyingi, kwa sababu mbili hizo zikikutana zinaweza kuliumiza ini. Msokoto hauna lolote kati ya hayo. Hakuna ajuaye una THC kiasi gani, na CBD yake huenda ikawa chembe tu. Mzazi anayemchemshia mwanawe majani kwa kuwa amesikia yanatibu kifafa anafanya hivyo kwa mapenzi, lakini hajui kama amempa dawa au amemlewesha.

Na hapa ndipo mjadala wetu unaponiuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini robo tatu ya watu wenye kifafa hawapati tiba wanayohitaji, ilhali takriban asilimia 70 ya wenye ugonjwa huu wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Tiba hiyo haihitaji bhangi. Fenobabitoni ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Bado kuna watoto wanaopelekwa kwanza kuombewa au kupungwa mapepo, na familia ikija kufika zahanati inaambiwa dawa zimekwisha, irudi wiki ijayo. Anayeitetea bhangi kwa jina la mtoto mwenye kifafa angeanza kwa kuuliza stoo ya zahanati ya kata yake ina nini.

Upande wa madhara, hofu ya wazazi ina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Psychiatry, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku walikuwa na uwezekano mara tatu hivi wa kupata saikosisi, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini anawindwa. Kwa waliotumia kila siku ile kali, yenye THC ya asilimia 10 na kuendelea, ilikaribia mara tano. Ni kweli wavutaji wengi hawafiki huko, na wapo wanaoanza kuvuta wakiwa tayari wanasumbuliwa. Lakini umri unabadilisha hesabu. Inakadiriwa kuwa takriban mtumiaji mmoja kati ya kumi huwa mraibu. Kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni mmoja kati ya sita. Kijana wa kidato cha pili anayepewa skanka, yaani bhangi kali, leo havuti kile walichovuta wazee wake.

Je, jela inamsaidia? Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha hadi miaka kumi kwa mtu aliyekutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe. Adhabu ya namna hiyo humfanya kijana afiche dalili hadi aletwe hospitali amefungwa kamba. Mimi naona mvutaji apelekwe kwa daktari, na anayewauzia watoto ashughulikiwe na sheria bila huruma. Kuruhusu biashara ya starehe ni jambo jingine: Canada iliruhusu mwaka 2018, na jimbo la Ontario likashuhudia ongezeko la watoto wadogo waliofikishwa hospitali baada ya kula peremende zenye bhangi.

Ahadi ya fedha nayo ichunguzwe kwa makini. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bhangi ya dawa mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria yake 2020, na Rwanda ikaruhusu kilimo cha kuuza nje. Soko hilo linadai maabara, uzio, ulinzi na mtaji mkubwa, na huko Lesotho gharama za leseni ziliwaacha nje wakulima wadogo waliolima zao hilo miaka yote. Anayewaambia watu wa Kisimiri Juu, kule Arumeru nchini Tanzania, ambako mashamba yao hufyekwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwamba uhalali utawatajirisha, awaeleze kwanza leseni hiyo atailipia nani.