Vidole vya mzee wa Leeds na goti la mdogo wangu

Mzee mmoja niliyemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa na vidole viwili visivyonyooka. Kila asubuhi nikimvisha shati vilinasa ndani ya mkono wa shati, na kila asubuhi alinieleza upya alivivunjia uwanja gani. Ujana wake alichimba makaa ya mawe siku za wiki, na Jumamosi akacheza raga ya ligi, ile ya watu 13. Majina ya wajukuu yalikuwa yameanza kumponyoka, lakini malipo yake aliyakumbuka vizuri: timu ikishinda kiasi fulani, ikifungwa kiasi kidogo zaidi. Hazikuwa pesa nyingi. Ila zilikuwa zimeandikwa, na chini yake sahihi yake.

Nami nikamkumbuka mdogo wangu kule Nakuru.

Yeye alicheza raga ya watu 15 kwa misimu minne, klabu sitaitaja. Alipewa nauli, na siku njema sahani ya chakula baada ya mechi. Siku kano za goti zilipokatika, viongozi walimfikisha hospitali, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Bili ikaja nyumbani. Mama akafungua kundi la WhatsApp, tukachanga: mashangazi, majirani, aliosoma nao, hata mama mboga wa pale kona ambaye hajawahi kutazama mechi hata moja. Siku tisa pesa zikawa zimetimia. Kwa hilo najivunia kwetu, na nitalisema popote. Hapa nimeishi miaka sita na jirani wa mlango wa pili sijui jina lake.

Lakini mama mboga alilipa deni ambalo halikuwa lake, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jamaa wa nyumbani wakisikia niko mji wa raga huniuliza wachezaji wanapata mamilioni mangapi. Raga hii ya watu 13 haina pesa za soka. Ni mchezo wa miji ya kaskazini mwa Uingereza, miji ya migodi na viwanda vya nguo, na ulizaliwa kwa sababu ya mshahara. Zamani wakubwa wa raga walishikilia kwamba mchezaji hapaswi kulipwa hata senti. Mwenye mali angeweza kuishi hivyo. Mchimba makaa aliyeacha shifti ya Jumamosi ili acheze alirudi nyumbani mfuko mtupu. Klabu za kaskazini zikaomba ruhusa ya kumfidia siku aliyopoteza, zikakataliwa. Tarehe 29 Agosti 1895 zikakutana kwenye Hoteli ya George mjini Huddersfield, zikajitoa na kuunda chama chao. Walichoruhusu mwanzoni kilikuwa shilingi sita kwa siku ya kazi iliyopotea, basi. Mpaka leo kuna raga mbili duniani, ya watu 15 na ya watu 13, kwa ajili ya zile shilingi sita.

Kucheza kama ajira ya kutwa kulienea baadaye sana, ilipoanza Super League, ligi kuu ya raga hii, mwaka 1996. Rob Burrow alikua ndani ya mfumo huo. Urefu wake mita 1.65 tu, kati ya majitu ya kilo mia na zaidi, na bado aliichezea Leeds Rhinos, klabu ya mji huu, tangu 2001 hadi 2017, akabeba ubingwa mara nane. Desemba 2019, akiwa na miaka 37, akaambiwa ana ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule usio na tiba. Mwezi uliofuata uwanja wa Headingley ulijaa pomoni kwa mechi ya kumchangia. Nahodha wake wa zamani, Kevin Sinfield, alikimbia marathoni saba kwa siku saba, na michango ikapita pauni milioni mbili. Mei 2023, kwenye marathoni ya Leeds, Sinfield alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, na walipofika mwisho akamwinua mikononi, wakavuka pamoja.

Burrow alifariki Juni 2024. Nilipita Headingley nikitoka shifti ya usiku. Skafu za bluu na manjano zilifunika ukuta, na zilikuwepo hadi za timu zilizowahi kumkanyaga uwanjani. Mwanamke mmoja alikuwa akimfunga mtoto wake kamba ya kiatu pale pale katikati ya maua, mtoto amevaa jezi namba 7, namba ya Burrow, inayomfika magotini.

Kwa hiyo hawa watu nao wanajua harambee. Mchezaji akitimiza miaka kumi klabu moja, anaweza hata kupewa mwaka mzima wa mechi na chakula cha jioni cha kumchangia. Tofauti ni kwamba mchango wao unawekwa juu ya mkataba. Sisi tumeuweka mahali pa mkataba, na viongozi wa klabu zetu wamelala usingizi kwa sababu wanajua mama mboga yupo.

Sisemi huku ni peponi. Wapo wachezaji wa zamani waliofungua kesi dhidi ya chama kinachosimamia ligi, wakidai vichwa vyao viliumizwa na hakuna aliyewalinda, na baadhi yao wana shida ya kumbukumbu kabla ya kufika miaka hamsini na mitano. Namfikiria yule mzee na wajukuu wake, najiuliza.

Lakini hao wana karatasi ya kupeleka mahakamani. Mdogo wangu hana.

Sasa anafundisha watoto raga kila Jumamosi, goti limefungwa bandeji. Juzi alinipigia kwa furaha, klabu nyingine imemwomba awe kocha msaidizi. Nikamuuliza amesaini nini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Bado, kaka. Wamesema tuanze kwanza."