Dakika mbili za Halim El-Dabh

Kila ninapokutana na orodha ya waasisi wa muziki wa kielektroniki, kwanza natazama kama Halim El-Dabh yumo. Mara nyingi hayumo. Watatajwa Wafaransa, Wajerumani na Wamarekani, kisha orodha inafungwa. Jambo hili linaniudhi, maana Mmisri huyu alishaifanya kazi hiyo Cairo mwaka 1944, miaka minne kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajarusha kwenye redio ya Paris kazi yake ya milio ya treni.

Alikuwa kijana wa miaka 23 tu, msomi wa kilimo. Aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio. Siku hizo, kabla tepu hazijaenea, sauti ilinaswa kwa sumaku kwenye waya wa chuma mwembamba kama unywele. Ukikatika, unaufunga fundo. Ukijisokota, kazi yako imeharibika. Na mashine yenyewe ilikuwa mzigo wa kubeba. Akaenda nayo kwenye zaar, shughuli ya kupunga pepo ambayo huko Misri ni ya wanawake. Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapa: kuna mgonjwa, kuna anayeongoza, kuna ngoma na nyimbo, na pepo anaitwa kwa mdundo wake.

Angeishia hapo, tungemwita mkusanyaji wa ngoma za asili. Yeye alirudi studio akaanza kuzichambua zile sauti. Aliipunguza sauti ya msingi, ile ambayo sikio hushika kwanza, ili ibaki ile milio ya juu inayoandamana nayo. Akaipitisha kwenye chumba cha mwangwi ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa, akainasa upya. Ukisikiliza leo, huwezi kusema hili ni koo na hili ni ngoma. Maneno yameyeyuka kabisa. Kinachobaki ni uvumo mzito usiokatika, na juu yake sauti za wanawake zikipanda na kushuka bila mwanzo wala mwisho. Mimi naona ni kazi iliyokamilika ya mtunzi aliyejua anachokitafuta, na siwaelewi wanaoiita jaribio. Mwaka huohuo aliwasikilizisha watu katika jumba la sanaa mjini Cairo.

Sasa, kazi nzima ilizidi dakika 20. Tunachoweza kukisikia ni kama dakika mbili, zilizotolewa kwenye CD kwa jina la Wire Recorder Piece zaidi ya nusu karne baadaye.

Watetezi wa Schaeffer husema yeye ndiye aliyeipa sanaa hii jina na nadharia. Ni kweli, na sitaki kumvua heshima hiyo. Lakini Schaeffer alikuwa mhandisi wa redio ya taifa la Ufaransa. Alikuwa na studio, mafundi, masafa ya kurushia na mahali pa kutunzia kazi zake. El-Dabh alikuwa na mashine ya kuazima. Tofauti hiyo, kuliko kipaji, ndiyo iliyoamua nani aandikwe mwanzoni mwa historia.

Mwaka 1950 alikwenda Marekani kusoma. Baadaye alifanya kazi katika kituo cha muziki wa kielektroniki cha Columbia-Princeton, New York, akatunga Leiyla and the Poet, iliyotokana na kisa cha Laila na Majnuni. Iliingia kwenye santuri ya kituo hicho mwaka 1964, na kwa hiyo ipo hadi leo. Mtunzi ni yuleyule. Safari hii alikuwa na taasisi nyuma yake. Katikati ya hayo alifundisha Addis Ababa, akaunda Orchestra Ethiopia iliyowaweka pamoja wapigaji wa krar, masenqo na washint, ala za asili za Ethiopia. Alifariki mwaka 2017 huko Kent, Ohio, akiwa na miaka 96.

Ninalitazama jambo hili nikifikiria kanda za redio zetu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi za dansi, taarabu na ngoma kwa miaka mingi, wakati bendi iliyotaka santuri ilitegemea viwanda vya Nairobi. Nyimbo nyingi hazikuwahi kutoka popote zaidi ya kanda hizo. Kuzihamishia kwenye kompyuta ni jambo jema, lakini faili lisilo na maelezo ni nusu ya kazi. Hata katika zile dakika mbili za Cairo, wanawake walioimba hawatajwi.

Ningepewa nafasi ya kuchagua pa kuanzia kwenye rafu zile, nisingeanza na bendi zenye majina makubwa, kwani mashabiki wao wamezihifadhi nyimbo hizo kwa njia zao. Ningeanza na ngoma zilizorekodiwa vijijini, hasa zile ambazo jalada halina jina la mwimbaji wala mpigaji, nizipeleke zilikorekodiwa na kuwauliza wazee ni nani anayesikika.