Fidla Nzuri Mno kwa Taarab ya Kinanda

Kijana mmoja mwenye studio Ng'ambo, Unguja, amenisikilizisha wimbo wa rusha roho, taarab ya kisasa ya vijembe, wa miaka ya 1990 alioupiga upya. Palipokuwa na kinanda cha umeme peke yake ameweka sampuli: fidla, kanuni na nai zilizorekodiwa kutoka ala zenyewe, kila noti mara kadhaa, kwa mkono mwepesi na mzito. "Mjomba, wazee wangelizipata hizi wangelizitumia," aliniambia.

Hoja yake ina uzito. Kinanda cha Korg M1, kilichotoka 1988, kilibeba sauti zake zote katika megabaiti 4. Leo fidla peke yake hujaza gigabaiti kadhaa. Vinanda vingi vya zamani vimeliwa na chumvi ya pwani, kaseti nazo zimechakaa. Tena maqamu ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, inataka noti ya tatu ishushwe robo sauti, na programu za leo zinakupa noti hiyo bila taabu. Na kanuni ina nyuzi zaidi ya 70. Vijana wangapi watapata hata ya kujifunzia?

Lakini nilipofumba macho, fidla zilikuwa zimetanda mpaka juu ya sauti ya mwimbaji, na kijembe kikanifikia kimefifia. Wembamba wa kinanda ndio uliokuwa ukimwachia bibi yule nafasi, na taarab ni maneno kwanza. Mpigaji naye aliijua ala yake: mkono wa kulia kwenye vitufe, wa kushoto kwenye gurudumu la kupinda sauti, akiivuta noti ifuate koo la mwimbaji. Sampuli ya fidla inakuja na mtetemo wa mkono wa mtu mwingine, aliyepiga pahala pengine wimbo mwingine.

Kuna na jambo la mashine yenyewe. Kinanda cha Yamaha DX7 cha 1983 hakina rekodi hata moja ndani yake; huizalisha sauti papo hapo, na ukizidisha nguvu ya kidole rangi yake inageuka kidogo kidogo. Sampuli huruka kutoka rekodi moja hadi nyingine.

Nikamwambia: ukitaka fidla, wapigaji wapo katika vikundi vya taarab vya Culture na Ikhwani Safaa, waite. Ukiutaka wimbo ule, basi sampuli yako iwe ya kinanda chenyewe. Amekipata kimoja kwa jamaa yake, anakirekodi kitufe baada ya kitufe. Vitatu havilii kabisa, na kimoja cha juu kinakwaruza. Hicho nimemsihi asikisafishe.