Bodi ikiwa na vikao viwili, kocha wa nje anasaidia?

Nimekaa bodi ya AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku wilaya ya Newala kipindi kimoja tu, na kilichonichosha sio salfa ya mikorosho kuchelewa wala bei kushuka, ni vile vikao viwili. Kikao cha kwanza ni cha ndani, kina ajenda na muhtasari, tunaongelea bati la ghala, magunia, barua ya mrajis wa vyama vya ushirika, tunafunga kwa dua. Cha pili kilikuwa nje chini ya mwembe, watu wawili wawili, na huko ndo ukweli wote ulikokuwa, kwamba mkulima akipima kwake anapata kilo zake akifika kwenye mizani ya chama zinapungua, na karani wa mizani ni shemeji yake mwenyekiti. Wote tunajua. Hakuna aliyewahi kulisema mle ndani, mimi nikiwemo, na mpaka leo linaniuma.

Sasa siku hizi kuna hii habari ya koching ya viongozi, na sio semina ile ya kusomewa slaidi ukasaini posho ukaondoka. Kocha anaongea kwanza na kila mjumbe peke yake, halafu anarudisha mezani yale yaliyojirudia bila kutaja nani kasema nini, kisha anauliza tu, hatoi majibu. Bodi yetu tuliletewa mtu kutoka Dar. Swali lake la kwanza kwenye kikao lilikuwa: ni kitu gani mnakiongea mkishatoka humu? Watu waliinama jamani, dakika nzima, mpaka mama mmoja mjumbe akasema "mizani".

Chris Argyris, profesa wa Harvard, alishaandika kwamba kwenye taasisi kuna mambo hayasemwi, na hata hilo la kwamba hayasemwi nalo halisemwi, ndo maana mtu wa ndani hawezi kulifungua maana na yeye ni sehemu ya ukimya. Mwenzake Amy Edmondson miaka ya 90 alichunguza timu za hospitali akitegemea zile nzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa, akakuta zile nzuri ndo zinaonekana na makosa mengi. Maelezo yake ni kwamba zilikuwa haziogopi kuyasema. Nikifikiria hilo namwogopa sana mwenyekiti anayejisifu kwamba bodi yake haijawahi kugombana.

Wapo wanaosema hatuhitaji kocha maana sisi tuna watani, na hawa nawaelewa. Mtani msibani anasema mbele ya wafiwa kwamba marehemu alikuwa mchoyo, na hakuna wa kumgusa. Ile ni kinga kubwa ya mtu kusema kweli. Ila mtani akishasema watu wanacheka, jambo linaishia hapo, hakuna mtu aliyerudisha kilo za mkulima kwa sababu ya utani.

Upande wa pili lakini una uzito, na mimi umenigusa. Kwenye bodi ya watu tisa kijiji kimoja hakuna siri, kocha hata asipotaja jina tunajua nani anaongea vile. Analipwa kwa kibali cha mwenyekiti huyo huyo. Hajui nani kaoa kwa nani. Na yeye ana tiketi ya basi la kurudi, sisi tunabaki. Yule mama aliyesema mizani, msimu uliofuata hakupangiwa zamu ya ghala hata siku moja, na hakuna aliyeuliza kwanini. Yaani tulimfungua mdomo halafu tukamwacha peke yake, hiyo ni mbaya kuliko kama tungekaa kimya wote.

Halafu tusichanganye mambo, kilo za watu zikiibiwa hilo sio la kufanyiwa koching, hilo ni la mrajis na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa. Kocha ni wa ule woga unaofanya wizi ukae miaka mitatu bila kutajwa, maana mkaguzi anakagua vitabu, na kwenye vitabu vyetu kila kitu kilikuwa sawa.

Kwangu mimi kocha anafaa, ila kwa masharti. Mwenyekiti aanze kusema kosa lake mwenyewe kabla hajadai wengine waseme, bodi iandike kwenye muhtasari kwamba aliyesema hataondolewa kwenye kazi yake msimu ule, na kocha arudi angalau mara mbili tatu aulizie yule aliyesema yuko wapi. Na asiitwe mwezi wa kumi minada ikianza, hapo macho yote yako kwenye bei hana wa kumsikiliza. Aje mwezi wa tatu au wa nne hela zikishalipwa, mizani itolewe ghalani iwekwe mbele ya bodi, na mkulima mmoja aje na gunia alilopima kwake lipimwe tena wote wakiangalia.