Monita ya OLED ya Bei Mbaya: Tazama Chumba Kwanza, Paneli Baadaye

Dell walipoiingiza sokoni Alienware AW3423DW mwaka 2022, kwa dola 1,299 za Marekani, ilikuwa monita ya kwanza ya gemu yenye paneli ya QD-OLED (aina mojawapo ya OLED, skrini ambayo pikseli zake hujiwakia zenyewe), na watu walibishana kama teknolojia hiyo inafaa kabisa kukaa mezani. Ubishi huo umekwisha. Mwaka 2025 Dell haohao walitoa AW2725Q, inchi 27, 4K (pikseli milioni 8.3), 240Hz (picha 240 kwa sekunde), kwa dola 899, huku ASUS, MSI, Samsung, LG na Gigabyte wakigombea mfuko uleule. Anayeitaka OLED leo haikosi. Anachokosa ni mizani, kwa sababu muuzaji humwonyesha skrini ndani ya chumba chenye giza, na mpinzani humwonyesha picha ya skrini iliyoungua, yaani iliyobaki na alama za kudumu.

Vijana wa gemu wakikutana, swali huwa ni QD-OLED ya Samsung Display, inayopata rangi kwa vijichembe viitwavyo nukta za kwanta, au WOLED ya LG Display, inayoongeza pikseli nyeupe ya kusaidia. Kwangu swali hilo ni la tatu. La kwanza ni monita itakaa wapi. La pili ni itaonyesha nini kwa muda mrefu zaidi kila siku.

Sifa zake nazikubali bila kusukumwa. Katika OLED kila pikseli inajiwakia yenyewe, na panapotakiwa weusi pikseli inazimwa. Monita za kawaida za LCD zina taa nyuma ya kioo, kwa hiyo weusi wake ni mwanga uliozibwa, na haujawahi kuzibika wote. Ingia kwenye gemu ya kutisha, shuka handakini: kwenye LCD utaona ukungu wa kijivu umetanda skrini nzima, kwenye OLED tochi inamulika kipande cha ukuta, na pembeni yake hakuna kitu. Mtu aliyezoea hivyo humwia vigumu kurudi nyuma, na simlaumu.

Sifa ya pili ni kasi. Watengenezaji huandika milisekunde 0.03 kwenye boksi, namba yenye harufu ya matangazo, lakini inaelekeza kwenye ukweli. Kwa 240Hz fremu moja inakaa kwenye skrini milisekunde 4.17. Pikseli za LCD nyingi hazimalizi kubadilika ndani ya muda huo, kwa hiyo fremu mpya inaikuta ya zamani haijaondoka, na mwendo unaacha mkia. OLED haina mkia huo. Anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant kwa ushindani anaweza kupata monita za 1440p (pikseli chache kuliko 4K) zenye 480Hz au 500Hz, na mwili wa adui anayekatiza mlangoni unaonekana una kingo, si doa.

Ila hapa pana jambo ambalo matangazo hulipita kimya. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inakaa milisekunde 16.7, jicho linaendelea kukifuata kitu kinachotembea, na ukungu unabaki palepale hata pikseli ziwe na kasi gani. Mwenye mashine ya fremu 60 analipia weusi. Ukali wa mwendo hataupata. Tena kwa filamu za fremu 24 anaweza hata kupoteza, maana ule uvivu wa LCD ulikuwa unalainisha mambo: kwenye OLED kamera ikizunguka polepole picha inarukaruka. Wengine huliona hilo siku ya kwanza, wengine hawalioni maisha yao yote. Na ukiwasha mfumo wa kulinganisha kasi ya skrini na kasi ya gemu, fremu zikiwa zinapanda na kushuka ovyo, sehemu za giza huweza kumetameta. Hilo hutokea zaidi kwenye kurasa za kupakia, lakini ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

Sasa chumba. Sebule nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zimejengwa kukaribisha upepo: madirisha mapana, mlango wazi mchana kutwa, na usiku taa nyeupe kali ya darini. QD-OLED haina tabaka la polaraiza, kichujio kinachozuia mwanga wa nje usirudi machoni, ambalo WOLED inalo. Mwanga ukiipiga, weusi wake unapanda na kuwa kijivu chenye zambarau kwa mbali, yaani sifa uliyoilipia zaidi ndiyo inayoondoka kwanza. WOLED hustahimili vizuri zaidi, hasa zile zenye uso usiong'aa, ingawa uso huo nao hupunguza makali ya picha kidogo.

Halafu kuna mwangaza wenyewe. Paneli za QD-OLED za 4K zilizotoka 2024 hutoa takriban niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza) skrini yote ikiwa nyeupe. Zile niti 1,000 zinazotangazwa ni za eneo dogo tu, kama asilimia 3 ya skrini: jua angani, cheche, taa ya gari. Ndani ya chumba chenye giza huo ni utajiri. Saa nane mchana, dirisha likiwa kushoto kwako, ukifungua ukurasa mweupe utatafuta kitufe cha kuongeza mwanga na kukuta kimeshafika mwisho.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Monita za mini-LED ni LCD zenye taa nyingi ndogo nyuma, zinazowashwa na kuzimwa kwa maeneo. AOC Q27G3XMN, inchi 27, 1440p, 180Hz, ina maeneo 336, ina cheti cha DisplayHDR 1000, yaani cha kufikia niti 1,000, na Marekani iliuzwa chini ya dola 300. Haiogopi dirisha, haiogopi picha iliyosimama. Udhaifu wake nao si siri. Hata Samsung Odyssey Neo G8 ya 2022, yenye maeneo 1,196, inagawa pikseli milioni 8.3 za 4K kwa hesabu hiyo, na kila eneo linabeba karibu pikseli 7,000. Nyota moja ikiwaka angani, jirani zake wote wanaangaziwa nayo, na manukuu meupe chini ya filamu yanazungukwa na mng'ao. Anayeniambia mini-LED inalingana na OLED usiku, namwambia hapana. Anayeniambia inaishinda mchana, sina la kubishana naye, na kwa theluthi ya bei.

Kuungua kwa skrini ndiko kunakozungumzwa sana na kuelezwa kidogo. Vitu vya kikaboni vinavyotoa mwanga ndani ya OLED huchakaa kadiri vinavyowaka, na kadiri vinavyowaka kwa nguvu. Pikseli zote zikichakaa kwa pamoja hutaona kitu. Tatizo ni pale sehemu moja inapofanya kazi kuliko nyingine: mwambaa wa Windows chini, nembo ya kituo cha televisheni, ramani ndogo pembeni. Huku kwetu gemu ya wengi ni mpira, na mpira una ubao wa magoli na saa juu kushoto, mahali palepale, rangi zilezile, mechi baada ya mechi. Mtu anayebadilisha gemu kila wiki yuko salama zaidi kuliko yule anayecheza EA FC peke yake kila usiku kwa miaka miwili, ingawa wote wamenunua monita ileile.

Wachambuzi wa chaneli ya YouTube ya Monitors Unboxed waliichukua MSI MPG 321URX, monita ya gemu, wakaifanyia kazi za ofisi kwa makusudi bila kuionea huruma. Alama zilijitokeza taratibu, na mojawapo ilikuwa mstari wa katikati, pale madirisha mawili ya programu yanapokutana. Nalipenda jaribio hilo kwa sababu linawakatisha tamaa wote wawili: anayesema OLED hufa ndani ya miezi sita, na anayesema kuungua ni hadithi ya zamani. Anayeandika programu za kompyuta au kuchapa hesabu saa nane kwa siku kwenye skrini hiyohiyo ya gemu ana sababu ya kusita. Anayecheza saa mbili baada ya kazi, sioni kwa nini asilale usingizi.

Kuna kinga, na kinga hiyo inagongana na tabia yetu moja. Baada ya saa kama nne za matumizi, monita hizi hujipanga kufanya usafi wa pikseli: zikiingia usingizini, hupima uchakavu na kurekebisha, kazi ya dakika chache. Baadhi zina mzunguko mrefu zaidi unaokuja baada ya saa nyingi za matumizi na kuchukua karibu saa nzima. Kazi hiyo inahitaji umeme uwepo wakati skrini inaonekana imezimwa. Sasa, nani kati yetu huenda kulala bila kuzima soketi ukutani? Tumefundishwa hivyo tangu utotoni, kwa ajili ya radi, kwa ajili ya luku, kwa ajili ya mama kuuliza "umezima?" Ukizima soketi kila usiku, usafi haufanyiki, na kinga uliyoinunua haikufikii. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, nayo inabaki nusu. Kwa hiyo bei halisi ya OLED katika nyumba yenye umeme wa kuyumba inajumuisha UPS ndogo (betri ya akiba) ya kuishikilia monita kwa nusu saa hivi, na makubaliano ya amani na mzazi au mwenza kuhusu soketi.

Mashine ya kuisukuma monita ni hoja nyingine, nayo ni ya hesabu tu. PlayStation 5 na Xbox Series X zinaishia 120Hz. Mwenye mashine hizi pekee akinunua monita ya 240Hz, nusu ya alicholipia hakitumii, na kwake televisheni ya OLED ya inchi 42, kama LG C2 iliyotoka 2022 na warithi wake, inaingia kwenye mazungumzo kwa haki kabisa. Kwenye kompyuta, 4K kwa fremu 240 katika gemu mpya nzito inahitaji kadi ya michoro ya daraja la RTX 5090, ambayo Nvidia waliitangaza kwa dola 1,999 mwaka 2025. Kadi ya kati itafurahia zaidi 1440p. Nimeona watu wakimaliza bajeti kwenye kioo kisha wakashusha ubora wa gemu hadi chini ili kioo hicho kipate fremu. Hiyo ni kununua kabati na kukosa nguo.

Ndipo tunafika kwenye swali la tatu. QD-OLED ina rangi zilizoshiba zaidi, hasa nyekundu na kijani zinapong'aa, kwa sababu haihitaji pikseli nyeupe ya kusaidia. WOLED inavumilia mwanga wa chumba. Maandishi yalikuwa udhaifu wa zote mbili, kwani vipande vya rangi ndani ya pikseli zao havikupangwa jinsi Windows inavyotarajia, na herufi huvaa kingo za rangi. Kwenye inchi 27 za 1440p, ambako inchi moja ina pikseli kama 110, utaliona. Kwenye inchi 27 za 4K, pikseli 166 kwa inchi, huhitaji kulifikiria tena.

Mimi, kwa chumba kinachoweza kutiwa giza, mchezaji wa usiku mwenye kadi nzuri na gemu za aina nyingi, ningechukua QD-OLED ya inchi 27 ya 4K bila kuangalia nyuma. Kwa mshindani wa gemu za risasi, WOLED ya 1440p yenye 480Hz. Kwa mwenye sebule ya wazi anayefanya kazi na kucheza kwenye skrini moja, mini-LED, na dola mia sita zilizobaki ziende kwenye kadi. Sitamwonea huruma huyu wa mwisho, amenunua vizuri.

Limebaki suala la dhamana. Dell, ASUS na MSI hutoa miaka 3 inayotaja kuungua kwa skrini, na ahadi hiyo ni sehemu kubwa ya bei. Bidhaa nyingi za namna hii hutufikia kupitia wafanyabiashara wanaozileta kutoka Dubai, basi muulize muuzaji kabla ya kulipa: dhamana hii inahudumiwa wapi, na nani anagharamia boksi la inchi 32 kurudi huko? Jibu likiwa la kubabaisha, ihesabu monita hiyo kuwa haina dhamana na upatane bei kwa msingi huo. Ukinunua iliyotumika, mwombe mwenye nayo afungue picha ya kijivu tupu ijaze skrini nzima, zima taa, uitazame kwa dakika mbili. Ukikuta kivuli cha ubao wa magoli juu kushoto, mshukuru kwa muda wake, uage.