Ofa Yenye Lumbesa

Mimi nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Gunia likisimama mbele yangu nakutajia kilo zake kabla hujaleta mzani, na kama limepigwa lumbesa nakwambia limezidi kwa debe ngapi. Kwa hiyo mdogo wangu alipokuja na barua mbili za ajira, kutoka vyuo vikuu viwili vinavyooneana wivu kama Simba na Yanga, sikuona kazi hapo. Kupima ndiko kunakonilisha.

Mdogo wangu ni Dokta. Siyo wa sindano, wa viazi. Amesomea bakajani chelewa, ule ugonjwa unaokuta shamba la kijani, baada ya siku chache za ukungu na mvua unabaki na mabua meusi. Ndio uliowaangusha Waayalandi kwa njaa kuanzia 1845.

Alitaka mtu wa kumsikiliza tu. Tukakaa juu ya magunia. Chuo cha pwani, akasema, kina maabara nzuri lakini vipindi vya kufundisha ni vingi mno, utafiti ataufanyia ndotoni. Cha bara vipindi vichache, wanafunzi wa uzamili wapo, ila friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hawana, na bila friza hiyo sampuli zake zitaharibika.

"Mshahara je?"

"Kaka, vyote ni vya umma, mshahara unakwenda kwa ngazi. Cha kuomba ni vifaa, muda wa utafiti na hela ya kuanzia maabara. Na watakachoahidi nikipate kwa maandishi kabla sijamkataa mwingine."

Nikamhurumia. Msomi mzima, hajui kucheza na madalali! Wa Dar akitaja bei, unamwambia wa Tunduma kapanda. Wa Tunduma akipiga, unamwambia wa Dar yuko njiani na Fuso.

Kesho yake akaenda Tukuyu kumsalimia mama, akasahau simu kwenye chaji ghalani kwangu. Saa nne ikaita: "Prof Pwani". Sauti zetu zinafanana, hata mama hutuchanganya. Nikapokea.

"Profesa, shikamoo. Nawapenda sana, ila wenzenu wa bara wamenipa friza. Mbili."

Kimya. "Mbili?"

"Na jenereta."

Hiyo ndiyo lumbesa sasa. Akasema ameelewa, tutawasiliana. Nikanogewa. Nikatafuta "Prof Bara" nikampigia mwenyewe, nikamwambia wa pwani wamenifutia vipindi vyote, nitafundisha Ijumaa tu, tena asubuhi.

"Ijumaa tu," akarudia taratibu. "Hebu subiri, Dokta." Nikasikia vikombe vikigongana, watu wananong'ona. Kisha ikaja sauti nyingine, ninayoifahamu.

"Dokta, habari za tangu saa nne?"

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba vyuo hualikana watahini wa nje. Mahasimu hao hao, mitihani ikiisha, mmoja anasafiri kwenda kukagua ya mwenzake, na wanakunywa chai chumba kimoja. Yaani dalali wa Dar na wa Tunduma walikuwa kwenye Fuso moja, na mimi nimelala barabarani.

"Nimewaomba wenyeji wangu wanioneshe zile friza mbili," akasema Profesa wa pwani. "Nimeoneshwa moja. Ina soda."

Nikatapatapa. "Profesa, samahani, nina haraka, kuna fangasi wangu wa bakajani nimewaacha maabara..."

"Fangasi?" Wote wawili, kwa pamoja.

Kumbe mdogo wangu udaktari wake wote amekuwa akiwarekebisha watu neno hilo. Kile kimelea kinafanana na fangasi, lakini si fangasi. Ndugu zake wa karibu ni mwani. Ni kama mimi nikuuzie viazi vitamu nikisema ni mviringo.

"Wewe ni nani?"

"Ni kaka yake. Nauza viazi."

Walicheka mpaka salio likakata.

Mdogo wangu alirudi jioni na mkungu wa ndizi. Nilimweleza huku nashona gunia, macho kwenye kamba, sindano ikanichoma kidole mara mbili. Hakusema kitu. Alichukua simu akatoka nje, akakaa huko nusu saa. Aliomba radhi pande zote, na kwa kuwa siri ilishamwagika, akawaomba kila mmoja aandike anachoweza kutoa kweli. Wa bara waliandika friza moja, isiyo ya soda. Akaenda bara.

Baada ya miezi miwili simu yangu ikaita. Profesa wa pwani, anataka magunia mawili ya nyumbani. Nikamtajia bei, nzuri kabisa, bei ya aibu.

"Aa, ndugu yangu," akasema, "wenzako wa Njombe wamenipa kwa nusu ya hiyo. Usafiri juu yao. Na jenereta."